Walipokuja Kutazama Tunakula Nini

Semndili amezikwa Alhamisi iliyopita baada ya adhuhuri, na watu walijaa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu, tumekaa mkekani tunachagua mchele, na spika walikuwa wameifunga kwenye nguzo ya turubai, kwa hiyo hata asiyetaka kusikia alisikia. Kijana mmoja wa halmashauri akasoma maisha ya marehemu. Akasema marehemu alikuwa mwenyekiti wetu wa kwanza wa kijiji cha ujamaa, mpenda maendeleo, na ndiye aliyeokoa samaki wa mto. Akalirudia hilo, aliyeokoa samaki. Akasema zamani hata mtaalamu aliletwa kupima, akakuta amri yake ya uvuvi haikumdhuru mtu. Nikausimamisha ungo. Zaituni, ambaye tuliolewa naye mwaka mmoja, goti lake linagusa langu, akaniambia polepole, "Mama Hija, chagua mchele. Usichague maneno." Hapa kijijini watu wote wananiita Mama Saidi, kwa mwanangu niliyemzaa kwa mume wa pili. Amebaki Zaituni peke yake kuniita Mama Hija, naye huniita hivyo kwa nadra, akiona nakaribia kusema lisilosemwa. Nilichagua mchele mpaka ukaisha, na pilau yao nikala. Lakini niliporudi nyumbani niliona kwamba nikinyamaza tena, maneno ya yule kijana ndiyo yatakayobaki, naye mwaka ule ninaousema alikuwa hajazaliwa. Mimi nimeishia darasa la nne na mwandiko wangu ni mbaya, ila majina nayakumbuka, na nitayataja.

Kabla ya kuhamishiwa hapa barabarani tulikaa Kwedikuyu, kando ya mto Luvu, ule ambao kwenye ramani wameuandika Pangani. Sisi tulikuwa upande wa Handeni, na ng'ambo unaona mashamba ya mkonge ya Korogwe, mistari yake kama nywele zilizosukwa. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na jiko, na juu ya mafiga ya jikoni palikuwa na uchaga wa fito, mweusi kwa moshi, na juu ya uchaga kulikuwa na samaki siku zote. Hata siku ambayo hakuna aliyekwenda mtoni, uchaga haukosi. Wanaume walitega migono, ile mitego mirefu ya fito, wakaziba mikono ya mto kwa wigo wa matete. Samaki wakubwa, perege na kambale, waliwauzia wakata mkonge. Wanawake kazi yetu ilikuwa vidimbwi. Mto ukijaa na kushuka, unaacha vidimbwi mabondeni, na sisi tunaingia na matenga yetu, sketi na kanga tumezikunja kiunoni, tunasukuma maji kwa miguu huku tunasengenyana, tunatoka na visamaki vya urefu wa kidole. Hivyo haviuzwi. Vinakaushwa juu ya uchaga, vinatwangwa na miiba yake yote, na unga wake unatiwa kwenye uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Hakuna aliyetufundisha. Mama mkwe wangu, Bi Chausiku, alinionyesha siku Hija alipoota meno ya juu: vijiko viwili vya unga wa samaki, koroga, onja, mpe. Harufu ya ule unga ilikuwa kwenye shingo ya kila mtoto wa Kwedikuyu. Ukimbusu unaisikia.

Wale waliotuhamisha nitawasema kidogo tu, kwa sababu walihamishwa wengi na kila mtu ana lake. Lori lilikuja, tukabeba vyungu na milango, tukajengewa mistari hapa barabarani, mwendo mrefu kutoka mtoni. Sisi tungeweza kutembea. Miguu tulikuwa nayo. Kilichotumaliza ni mkutano uliofuata, alipokuja Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, jina lake Lukindo, kijana mrefu mwenye soksi nyeupe, amekaa meza moja na Semndili. Alikuwa ameshika tenga, sijui alilitoa kwa nani, akalimimina mezani: visamaki vyetu vile vya kidole.

"Ndugu wananchi, hivi ni nini?"

Mtu akasema, "Kitoweo."

"Hawa ni watoto wa samaki," akasema Lukindo. "Mnakula watoto. Mkiendelea hivi mto utakuwa maji matupu."

Bi Mwanahawa, kikongwe ambaye hakumwogopa mtu, akajibu akiwa amekaa, "Mwanangu, na sisi hatuli. Tunawapa watoto."

Watu wakacheka mpaka Semndili akacheka, kisha akagonga meza. Amri ikasomwa. Migono marufuku. Wigo wa matete marufuku. Matenga ya wanawake marufuku kabisa. Kuanzia siku ile samaki wa Luvu watavuliwa na ushirika wa kijiji, kwa mtumbwi wa kijiji na nyavu zenye matundu makubwa, na wavuvi watachaguliwa. Akawachagua Semndili mwenyewe, palepale, kwa kidole. Shemeji zake wawili wakapata. Mume wangu Athumani, aliyekuwa anajua kutega mgono tangu hajatahiriwa, hakupata. Alipouliza kwa nini, Semndili akamwambia, "Wewe fundi wa mitego ya kizamani. Hapa tunataka watu wa nyavu." Sikatai kwamba samaki walikuwa wanapungua. Walikuwa wanapungua, hata sisi tuliona, tangu mto uanze kufungwa huko Hale kwa ajili ya umeme. Lakini dawa waliyoichagua ilitupita sisi ikawafikia wengine: samaki wa ushirika walipakiwa kwenye lori, wakaenda Korogwe mjini na kwenye nyumba za wafanyakazi wa mitambo, na sisi tulibaki na sifa ya kuwa na mradi.

Miezi ya kwanza hakuna aliyestuka. Mtu mzima akila ugali na mchunga anashiba, analala, anaamka, analima shamba la ujamaa. Mchunga ulikuwa mwingi, unaota wenyewe nyuma ya nyumba, na uchungu wake unauzoea. Athumani alivuka mto akaenda kukata mkonge, anakaa kambini wiki nzima, anarudi Jumamosi ana vidonda vya miiba mikononi. Uchaga wa nyumba mpya nilijenga mwenyewe kwa mazoea. Ulikaa mweupe, hauna kitu cha kufukiza, nikawa naweka juu yake ufagio na viatu. Hija nilikuwa nimemwachisha ziwa mwezi ule tuliohamia. Uji alikunywa, mwingi tu, tumbo likajaa. Nikaona anazidi kunenepa mashavu na miguu, nikafurahi. Nilifurahi kwa majuma kadhaa. Kisha nikambonyeza mguu kwa kidole wakati namwogesha, na shimo la kidole likabaki.

Hapo ndipo yalipoanza maneno. Mwenzangu unayesoma, kama umezaliwa mjini, nikueleze: kwetu mtoto akivimba, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi, akawa analialia bila nguvu, watu wanasema amebemendwa. Maana yake wazazi wake hawakustahimili. Wamelala pamoja kabla mtoto hajakomaa, au baba amekwenda kwa mwanamke mwingine akarudi na joto lake, au mama ndiye aliyekwenda. Ugonjwa wa mtoto unakuwa ushahidi wa kitanda cha wazazi. Haupelekwi kwa daktari. Unafichwa. Na nyumba za kuta za udongo hazifichi. Nilikuwa nimelala na Hija mchana, nikamsikia Bi Chausiku upande wa pili wa ukuta na dada yake.

"Yule hana adabu ya ndani," anasema dada yake.

"Mwanangu anakaa ng'ambo wiki nzima," anasema Bi Chausiku. "Anarudi siku moja. Siku moja hawezi kuvumilia?"

"Unajuaje kama ni mwanao? Barabara hii inapita madereva."

"Nyamaza. Yumo ndani."

"Asikie basi. Na huko kambini nako, wanawake wa kule si wa kusema. Ama huyu ama yule. Mtoto hasemi uongo."

Mtoto hasemi uongo. Nililala pale natazama fito za paa. Na mimi, Mungu ananiona, nilianza kuhesabu Jumamosi za Athumani, anachelewa kuja, ana mafuta mapya kichwani, nani amempaka. Naye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa anahesabu malori. Jumamosi moja akaja, akamfunua mtoto, akamtazama miguu muda mrefu. Hakupiga kelele, Athumani hakuwa mtu wa kelele. Akaniambia, "Mama Hija, mimi sijagusa mtu kule. Sasa nieleze." Nikamwambia nami sijagusa mtu. Akasema, "Basi mmoja wetu anasema uongo, na mimi najijua." Akala ugali wake akaupa mgongo mlango. Siku ile ndiyo nyumba yetu ilivunjika, ingawa talaka ilichelewa. Na haikuwa yetu tu. Mtoto wa Zaituni alivimba. Wa Mwajuma alivimba. Kila nyumba ilidhani ni aibu yake peke yake, kila mwanamke anamfunika wake kwa kanga akipita na wenzake, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusema, mbona tumevimbiwa wote mwaka mmoja? Swali hilo nimekuja kuliuliza nikiwa mtu mzima, na wa kulijibu wamekufa.

Katikati ya hayo ndipo akaletwa mpimaji. Dada Eliza alitoka Dar es Salaam, msomi wa chuo, msichana mzuri tu, sauti ya chini, nywele amezisuka mabutu. Walimtuma waliotunga amri. Walitaka kujua imewafanyaje watu: wanakula nini, wanaishije, wameongezeka nini, wamepungua nini. Alikuja na mizani ya kutundika ya kupimia watoto. Nilipoisikia habari ile niliingiwa na matumaini, nisifiche. Nilijua mtu huyu akimwona Hija atasema neno kwa wakubwa, na neno lake litasikika kuliko letu. Semndili alimlaza kwake, akamchagulia nyumba za kutembelea, na watu wanamlaumu kwa hilo. Mimi namlaumu kwa mengi, lakini hapo hakuwa na haja ya kufanya hila. Angeweza kufumba macho akachagua nyumba yoyote, na matokeo yangekuwa yaleyale. Kwa sababu mgeni wetu sisi haonyeshwi chungu kitupu. Mgeni akiuliza hali, hali ni njema. Akiuliza jana mlikula nini, mlikula vizuri alhamdulillahi. Mwanamke atakayemwambia mgeni nyumbani hakuna kitoweo amemvua mumewe nguo hadharani. Lukindo alikuwa Msambaa wa milimani na adabu ni hiyohiyo. Alijua. Yeye ndiye aliyemshauri Dada Eliza aingie majumbani saa ya kula, ajionee kwa macho.

Bi Chausiku alipoambiwa nyumba yetu imo, alikwenda mwenyewe kwa mke wa Semndili kuazima kitoweo. Kambale mmoja wa ushirika alikatwa pale uani. Kichwa kikaenda kwa Zaituni, kiwiliwili kikaja kwetu, mkia kwa Mwajuma. Zaituni alinichungulia dirishani na sufuria mkononi, akasema, "Leo mgeni atammaliza kambale mzima peke yake, na wala hatajua." Tukacheka. Ndiyo, tulicheka, tulikuwa wasichana. Kisha akashusha sauti. "Wako unampeleka wapi?" Nikamuuliza, "Nani?" Akanitazama, na ndipo nilipoona kwamba wake ameshampeleka.

Walipelekwa kwa Bi Mwanahawa, nyumba ya mwisho ya mstari, ambayo haikuchaguliwa. Bi Chausiku ndiye aliyeniamuru. Nilimwambia, "Mama, mwacheni amwone. Ana mizani, pengine ana dawa." Akanijibu akiwa anasonga ugali, hata hakugeuka: "Umwonyeshe mtu wa Dar mlichomfanyia mtoto? Mpeleke." Nikampeleka. Chumba cha Bi Mwanahawa kilikuwa na mlango mfupi, ukiingia macho yanakaa muda hayajaona. Nilipoanza kuona, niliona watoto wamekaa ukutani juu ya mkeka mmoja, kanga zimewekwa pembeni kwa ajili ya joto. Watoto wote wa aibu ya kijiji. Nywele nyekundu, matumbo, miguu inang'aa kama imepakwa mafuta. Na hakuna aliyekuwa analia. Hakuna aliyemsogelea mwenzake, hakuna aliyenyang'anya kitu. Chumba kimejaa watoto na unasikia nzi. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa mlangoni ndani na fimbo yake, akaniambia, "Muweke hapo. Mnaniletea kama mizigo ya magendo." Nikamwuliza, "Bibi, hawa wote wamebemendwa?" Akasema, "Nimezaa, nimezika, sijawahi kuona kijiji kizima kimelala vibaya." Na mimi sikuwa na muda wa kukaa kumsikiliza, ugali ulikuwa unapoa na mgeni alikuwa njiani.

Akaja. "Shikamoo mama," akamwambia Bi Chausiku. "Marahaba mwanangu, karibu, karibu ndani, nyumba ni yako." Tukamnawisha. Alikula taratibu, anasifu mchuzi wa nazi, na nazi nayo ilikuwa ya kuazima. Akauliza, "Samaki mnapata mara nyingi?" Bi Chausiku akasema, "Mungu anajalia." Akauliza kama tangu amri ile kuna shida yoyote. "Shida haziishi duniani mwanangu, ila tunashukuru." Hakuna neno la uongo hapo, ukilitazama. Kisha Dada Eliza akanigeukia mimi. "Na wewe dada, una mtoto?" Nilikuwa nimepiga magoti na jagi la maji. Nikasema, "Ninaye. Ni mgo..." Bi Chausiku akalipokea neno kabla halijaisha, kwa tabasamu, akasema, "Anaye mmoja, wa kike, yuko kwa bibi yake. Mnene huyo, hata kumbeba ni kazi." Mgeni akacheka. Nikamtazama mkwe wangu, naye hakunitazama. Mkaza mwana hampingi mama mumewe mbele ya mgeni. Ningempinga, ningelala wapi? Nilimimina maji. Dada Eliza akasema angependa kumpima, akaambiwa ni mbali, jua ni kali. Angeweza kusisitiza. Angeweza kusema twende hata kama ni mbali, na ilikuwa nyumba za mstari mmoja. Alikuwa na kazi moja tu iliyomtoa Dar es Salaam, naye aliishia alipokaribishwa. Aliwapima watoto waliokuwepo: wa Semndili, wa wale shemeji zake, na wengine wa nyumba zenye watu kwenye mtumbwi wa kijiji. Walikuwa wazito.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano, Lukindo akiwa amesimama na soksi zake. Wananchi wameipokea amri vizuri. Kitoweo kinapatikana. Watoto wana afya. Kwa hiyo amri itaendelea, na mgambo wataongezwa mtoni kwa ajili ya wachache wakaidi. Watu wakapiga makofi. Nilitazama wanawake wenzangu wanapiga makofi, na walikuwa walewale waliopeleka watoto kwa Bi Mwanahawa.

Hija alikufa mvua za vuli zilipoanza. Alikuwa ameacha kuomba uji. Alifia mgongoni kwangu nikiwa natoka kisimani, na sikujua mpaka nilipofika na kumshusha. Athumani alikuja kuzika. Kwenye matanga alikaa na wanaume, na ya arobaini ilipopita alituma talaka kwa mdomo wa mjomba wake, ambaye aliitamka akiwa anatazama kuku. Zaituni naye aliachika mwezi huohuo. Mwajuma alirudi kwao Mpale, wa kwake akiwa bado hai, na baadaye tukasikia mtoto amezikwa. Vitu hivi hakuna mizani iliyovipima. Walipima kilo, wakapima sahani. Nani angeuliza talaka zimeongezeka kwa sababu ya matundu ya nyavu?

Niliyejibiwa ni mimi, na bila kuuliza. Nilikuwa nimekwenda hospitali Korogwe na jipu la ziwa, na kwenye benchi nikamwona mwanamke wa Kihehe wa kambini ana mtoto kama Hija, miguu ileile, nywele zilezile. Nikamwonea huruma, nikajua na yeye ana kesi nyumbani kwake. Muuguzi akapita, mama mtu mzima, akambonyeza mtoto mguu akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, bila hata kushusha macho: "Huyu amekosa kitoweo. Unampa uji mtupu, sivyo? Mtie maziwa, au maharage, au dagaa wa kutwanga." Nikamfuata mpaka kwenye korido. Nikamwambia, "Mama, samahani, huyu si amebemendwa?" Akanitazama kama mtu aliyechoka. "Mwanangu, hapa ninawaona kila siku. Kitanda hakimvimbishi mtoto. Chungu ndicho."

Sikurudi nyumbani siku ile. Nilivuka njia ya reli nikaenda moja kwa moja kambini, nikamuulizia Athumani, yuko nyumba ya ngapi, nikamkuta nje ya mlango ananoa kisu cha mkonge. Ndani palikuwa na mwanamke mwingine anakohoa, mke wake mpya. Aliponiona akasimama, akadhani nimekuja kudai. Nikamwambia sikuja kudai. Nikamwambia maneno ya muuguzi, yote, kama alivyoyasema. Nikamwambia, "Wewe hukugusa mtu. Na mimi sikugusa mtu. Hakuna aliyesema uongo."

Alikaa chini. Akakilaza kisu magotini. Kisha akauliza, "Amesema samaki gani?"

Nikamwambia, "Wa kutwanga. Wale wadogo."

"Wale wa kwenye vidimbwi."

"Wale wale."

Akageuka akatazama upande wa mto. Toka pale hauonekani, mkonge unauziba, lakini unasikika. Nilimngoja aseme kitu kingine, hata kunitukana. Akainuka, akajifunga matambara mikononi, akaingia kwenye mstari wake wa mkonge akaanza kukata, na mkewe akatoka akaniuliza mimi ni nani.